Kaka, uliniambia stelingi hafi

Kaka, shikamoo.

Najua huwa husomi ninachoandika hapa, ila shemeji anasoma, na yeye hana siri. Itakufikia tu.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao. Juzi ameniletea ujumbe, kwa kile Kiswahili chake cha kuokotaokota: "Baba mdogo, Terminator naanza na ya ngapi?" Nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akanitazama. Kisha nikakaa siku mbili bila kumjibu, maana mimi na wewe hatujasemeshana tangu Desemba 2019 kwa muvi hizohizo, kwa ile ya 2019, Dark Fate.

Wewe ndiye uliyenipeleka. Barabara ya 8, kibanda cha mabati, deki moja, TV ya chogo, kiingilio shilingi 50, na mtoto akipakatwa anaingia bure. Ulinipakata mpaka miguu yangu ikawa inagusa chini. Wewe hulipi, kwa sababu ndiwe mtafsiri. Kiingereza chenyewe cha kubahatisha! Ulikuwa unatunga, kaka, leo tukiri. Nilipokuja kuiangalia Terminator 2 ukubwani nilishangaa kukuta Sarah Connor, mama wa yule mtoto John anayewindwa na mashine, hajawahi kusema "nitakufukia na viatu vyako". Lakini ya kwako ilikuwa tamu zaidi. Ile T-1000, mashine adui ya chuma cha majimaji, ukaiita Mtu wa Zebaki, na watu wa rika letu pale mtaani hawaijui kwa jina jingine.

Ukatupa na sheria. Adui ataanza kwa kishindo, stelingi atapigwa mpaka utake kulia, ila stelingi hafi. Ndiyo maana Anodi, yaani Arnold Schwarzenegger, ile mashine iliyotumwa kumlinda John, alipoanza kushuka kwenye chuma kilichoyeyuka, kibanda kizima kilikugeukia wewe. Unakumbuka ulisema nini? Hukusema anakufa. Ulisema, "Ameomba ruhusa. Kazi aliyotumwa imekwisha." Nilikuwa na miaka 9, na nilielewa.

Kwa hiyo acha kuwaambia watu kwamba mdogo wako ni mtoto, hataki mashujaa wafe. Anodi alikufa kwenye muvi ya 1991 na sijawahi kulalamika. Alieleza kwamba hawezi kujimaliza mwenyewe, akamwachia Sarah kitufe cha ule mnyororo. Sarah akampa mkono kwanza, yule mwanamke ambaye muvi karibu nzima hakutaka hata kumwamini. John analia. Dole gumba ndilo lililozama mwisho. Kifo kile kililipiwa kwa zaidi ya saa mbili, na hakuna aliyetoka kibandani akidai hamsini yake.

John wa Dark Fate amelipiwa nini? Muvi haijafika hata dakika tano. Guatemala, mwaka 1998, baa ya ufukweni, mtoto yuko na mama yake, mashine nyingine yenye sura ya Anodi inaingia na bunduki, basi. Huyu ndiye mtoto ambaye yule askari wa muvi ya kwanza, Kyle Reese, alirushwa kutoka mwaka 2029 kuja kumlinda mama yake, akafia hapo. Ndiye ambaye Sarah alifungiwa na wagonjwa wa akili kwa ajili yake. Hata uso wa utotoni wa Edward Furlong, aliyeigiza John, wameurudisha kwa kompyuta, ili tumtambue vizuri kabla hajapigwa risasi. Na muuaji? Akaenda zake Texas, akapata mke na mtoto wa kufikia, akafungua biashara ya mapazia. Mapazia, kaka! Anodi anaeleza pazia gani linafaa chumba cha mtoto wa kike. Hapo nilicheka, sitakudanganya. Niliimalizia peke yangu baadaye, utajua kwa nini.

Na huyo James Cameron wako unayemtetea, aliyeongoza Terminator mbili za kwanza. Mwaka 1986 alitoa Aliens, akamwokoa yule binti mdogo, Newt, kwa jasho na damu. Mwaka 1992 wenzake wakatoa Alien 3, na Newt akawa amekufa usingizini kabla hadithi haijaanza. Cameron alilalamika hadharani kwamba wamewakosea mashabiki. Huyohuyo ndiye mtayarishaji wa Dark Fate, na jina lake limo kwenye waliotunga hadithi. Uchungu wa Newt aliujua. Wa John, wa kumzaa mwenyewe, sijui aliupeleka wapi.

Usiniweke tu kwenye lile kundi linalonuna kwa sababu mkombozi mpya ni binti wa Mexico. Sisi tulilelewa na Sarah Connor, tulikuwa tunagombania kuwa yeye. Dani hana kosa, kosa ni kumjengea nyumba juu ya kaburi la mwenzake. Hollywood ya siku hizi haiamini kwamba mgeni anaweza kupendwa bila mwenyeji kudhalilishwa kwanza. Han Solo wa Star Wars akauawa na mwanawe, 2015. Luke wa humohumo, 2017, tukamkuta kisiwani amekata tamaa, anakamua mnyama. Mtoto wa Indiana Jones tukasimuliwa tu kwamba alifia vita vya Vietnam. Wanataka jina la mzee libaki mlangoni wateja waje, lakini mwenyewe hawamtaki ndani. Na wateja hawakuja: Dark Fate iliingiza kama dola milioni 260 duniani kote, wakati kuitengeneza tu kuligharimu si chini ya milioni 185, bado matangazo. Terminator 2 ilivuka milioni 500, za enzi zile.

Haya. Tufike kwenye arobaini ya mama.

Mazishi hukuwahi. Nilishakubali sababu zako, tiketi, ruhusa ya kazini, sirudii. Ulikuja kwa arobaini. Hitima ikasomwa, watu wakaondoka, masufuria ya pilau bado yako uani hayajaoshwa, wewe ukachomeka flashi kwenye TV ya mama ukasema tuangalie kama zamani. Nilifurahi, kaka. Nilikaa chini kabisa, karibu na miguu yako. Kisha John akapigwa, Sarah akaanza kupiga kelele, na wewe ukacheka. Ukasema, "Ndiyo maisha, watu wanakufa, hadithi inaendelea na wengine."

Ndani ya nyumba ile. Ukutani ipo picha yako ya pasipoti, ile aliyoikuza mama akaitia fremu.

Nilichomoa flashi. Ndiyo, mbele ya shemeji, mbele ya watoto, mbele ya shangazi ambaye hadi leo anadhani tuligombana kuhusu nyumba. Nilisema maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Wewe ulikuwa unazungumzia muvi, najua. Pengine ulikuwa unatafsiri tu, kama zamani, umeona wote tumenyamaza ukatafuta neno la kutuvusha. Wazo hilo lilinijia mwaka jana nikiwa naoga. Lakini ungekuwa wewe ndiye uliyeshika miguu ya mama siku ile, ungecheka? Mimi ndiye niliyekuwepo. Mtu aliyekuwepo ana haki ya kuchomoa flashi.

Basi nisikilize kuhusu mtoto. Aanze na ya pili. Ya kwanza, ya 1984, nzuri lakini itamtisha, aje aione akishampenda Sarah. Ya tatu akipenda. Ya 2009 asijisumbue. Ya 2015 wamemgeuza John kuwa mashine na adui, apite mbali. Dark Fate asiione mpaka awe mkubwa. Nisingesema hivi kama ningekuwa na kinyongo. Ningekuwa na kinyongo ningemwambia aanze na Dark Fate aje akuulize wewe. Kuna kipande humo Sarah anasema hana hata picha moja ya John, na sura yake imeanza kumtoka. Hicho nakiri ni kizuri. Nilikirudisha nyuma mara tatu.

Nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia akifika pale penye chuma cha moto asimamishe, akuite. Kiingereza anakijua kukuzidi, kwa hiyo usimweleze wanachosema. Mtafsirie.

Flashi yako ninayo. Ipo kwenye kopo la majani ya chai la mama, juu ya kabati, sijafuta kitu.