Barua ya wazi kwa Katibu wa Chama wa Wilaya: Huyo mgeni wetu anakaa kwa sheha gani?

Mheshimiwa Katibu,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako. Sisi huku pwani hatujambo, ila mwani hauna bei na maji ya kisima yana chumvi. Hayo umeshayasikia, kwa hiyo siyarudii.

Nilikuwa sitaki kuandika tena. Mwezi wa Rajab nilikuletea barua kwa mkono wa katibu wa tawi. Ramadhani nikaleta ya pili. Zote mbili naamini zimehifadhiwa vizuri. Hii ya tatu nimeona niiweke hadharani, maana karatasi za watu wa shamba zina tabia ya kupotea zikishafika mjini.

Kilichonitoa subira ni mkutano wa Alkhamisi iliyopita. Ulituletea taarifa kwamba kuna mtu anayetaka kugombea uwakilishi wa jimbo letu, anakuja kujitambulisha kwa akinamama wa jimbo, saa nne asubuhi, skuli. Saa nne asubuhi, Mheshimiwa, na mwezi mpevu, bamvua limesimama, siku za maji kujaa sana na kupwa sana! Mtoto wa miaka saba wa kwetu anajua kwamba siku hizo, saa hiyo, maji yamekupwa hadi mwambani na hakuna mwanamke aliyebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa na mzazi mwenye kichanga. Bamvua ndiyo kazi yetu. Likipita, maji mafu, yasiyokupwa sana, hayatupi njia ya kufika kwenye mashamba yetu ya mwani, na aliyekosa bamvua moja anasubiri jingine karibu wiki mbili. Basi mgeni wako akaja, akakuta viti vimepangwa mistari mizuri na wanawake tisa, sita kati yao bibi zetu wasioweza tena kuinama. Nimesimuliwa na watu watatu, na wote wamesema neno lile lile: alisimama akasema akinamama wa huku hawana mwamko.

Mimi wakati huo nilikuwa ndani ya maji ya magoti, nafunga taitai, zile nyuzi za kufungia mwani kwenye kamba. Mwamko wangu ulianza saa kumi na moja alfajiri.

Yeye simlaumu sana. Hajui. Mtu asiyejua bahari inapokupwa na inapojaa hana dhambi, ana ugeni tu. Nakulaumu wewe, uliyezaliwa pwani kama sisi, ambaye marehemu mama yako alikuwa anashika kamba moja na mimi tulipoanza mwani 1991, mwani wenyewe bado mpya huku Unguja. Umri wako ni wa mwanangu wa kwanza, lakini cheo ni cheo, na ndiyo maana nakuita Mheshimiwa. Ulijua saa nne ile ni saa gani. Au ulijua, ukaona wanawake wakiwa tisa hakuna atakayeuliza swali?

Nikukumbushe kidogo, kwa heshima. Kabla ya uchaguzi wa 2020 Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar iliyapunguza majimbo ya Zanzibar kutoka 54 hadi 50. Ukaja hapa tawini ukatuambia mipaka imegeuka, hesabu zimechanganyika, kwa hiyo mara hii tumpokee mtu aliyependekezwa na wakubwa, tuvumilie, na 2025 itakuwa zamu ya mtu wetu. Maneno hayo uliyasema ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki cha buluu, kiti changu, na chai ulikunywa vikombe viwili. Tukampokea. Tukampigia kura. Aliahidi chanja za kuanikia mwani na mashua mbili, ili tupeleke kotonii, aina moja ya mwani wetu, kwenye maji ya kina, maana huku karibu maji yamekuwa ya moto na kotonii inageuka nyeupe inakatika. Wengi wetu hatujui kuogelea, ndiyo tukataka mashua. Chanja ilikuja moja. Ilikuja siku ya kupigwa picha. Mashua mpaka leo ziko njiani, labda nazo zinasubiri bamvua.

Miaka mitano nimemwona kwa macho yangu mara tatu, moja ikiwa maziko. Mbunge tulishazoea kumkosa, tunasema Dodoma ni mbali, kuna bahari katikati. Lakini mwakilishi anakaa kwenye Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, kisiwa hiki hiki, barabara ya lami mtindo mmoja! Hivi mtu anatoka Dar kwa boti anafika Darajani, mjini, kabla ya adhuhuri, wa Chukwani anashindwa kufika kwetu kwa miaka?

Sasa 2025 imefika, zamu ya mtu wetu, na wewe umetuletea mwengine wa kuletwa.

Hapa ndipo nilipo na kitu kooni. Mwanzoni mwa mwaka huu, walipokuja waandikishaji, binti yangu alikwenda kuhamishia jina lake huku. Aliolewa kaskazini, akaachika 2023, akarudi kwangu na watoto wawili. Kazaliwa chumba hiki ninachoandikia, kitovu chake kimezikwa nyuma ya banda la kuku. Sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, akamwambia hawezi kumthibitisha, hajatimiza miezi 36 ya ukaazi mfululizo katika jimbo. Arudi alikotoka, jina lake liko huko. Nikamuuliza sheha: akapige hodi kwa mtalaka wake amwombe kitanda cha kupigia kura? Sheha akasema sheria ni sheria, Bibi. Nikanyamaza. Sheha ni jirani yangu, tunagaiana chumvi, na sheria hakuitunga yeye.

Lakini Alkhamisi ile usiku sikulala. Nikamwambia mjukuu wangu anisomee Katiba ya Zanzibar ya 1984 kwenye simu, pale panapohusu Wawakilishi, maana macho yangu hayapendi herufi ndogo. Akasoma. Anayetaka kuchaguliwa awe Mzanzibari, ametimiza miaka 21, ana sifa za mpiga kura, anajua kusoma na kuandika Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu, na amependekezwa na chama. Nikamwambia endelea, soma na pale wanaposema awe anakaa wapi. Akasema, bibi, hapana hapo.

Basi mwanangu, anayejua kila jiwe la ufukwe huu, hawezi hata kuchagua. Na bwana aliyeshuka kwenye gari Alkhamisi, akauliza msikiti uko upande gani huku umesimama mbele yake, anaweza kuchaguliwa. Sisi tunapimwa kwa miezi, tunapelekwa kwa sheha na shahidi na kitambulisho, na yeye anapimwa kwa barua yako tu.

Ninajua utanijibu nini. Utasema wa kwenu mlikuwa naye. Kweli, tulikuwa naye, na sitaki kuificha aibu hiyo. Mwaka 2010 tulimpeleka mtoto wa hapa hapa, tukampigia ngoma, akinamama tukamchangia nauli. Mwezi wa nne baada ya kuchaguliwa akahamia mjini, na tangu siku hiyo tukimpigia simu anapokea mkewe. Kwa hiyo usinifanye mpumbavu anayelilia ukoo. Kuzaliwa hapa hakumtoshi mtu, yule ametufundisha. Mimi ninachokitaka ni mkaazi. Mtu ambaye kisima kikiwa na chumvi, na chai yake ina chumvi. Awe ametoka Pemba, awe ametoka Tumbatu, kama ameishi na sisi miaka akazika na sisi na kuozesha na sisi, huyo wa kwetu. Fundi mmoja wa mashua hapa si wa hapa kabisa, kaja akiwa kijana kufanya kazi, na akisimama leo nampa kura kabla hajaomba.

Utasema tena wa huku hawana elimu. Hilo ulilisema tawini mbele ya mwalimu wa skuli yetu ya msingi, mwanamke aliyewafundisha nusu ya wanaokupigia makofi. Yeye alikwenda kuulizia fomu ya kugombea akaambiwa asubiri kwanza, maelekezo hayajafika. Maelekezo ya nini? Katiba inataka kusoma na kuandika, na yeye ndiye aliyetufundishia watoto kusoma na kuandika. Mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi naye kaambiwa maneno hayo hayo. Mgeni wako maelekezo yake yalifika mapema, tena yamekuja na fulana.

Kwa nini analetwa huyu na si mwengine, sijui, na hapa nasema ninayoyasikia maskani, wanapokaa watu kuzungumza. Wanasema ana hisa katika kiwanja cha ufukweni kule kusini ya kijiji, pale palipowekwa waya mwaka jana na njia yetu ya kuteremkia baharini ikazibwa. Sasa tunazunguka na vikapu vya mwani kichwani, mwendo wa nusu saa zaidi, mwani mbichi nao mzito kama maiti. Inawezekana ni uzushi. Watu wakiona waya na wakaona gari wanaviunga pamoja. Lakini kama ni uzushi, ni rahisi kuuondoa: mwambie aje atuambie, akiwa amesimama kwenye ule waya. Wengine wanasema ni fadhila tu, kuna mkubwa anamlipa. Na mimi wakati mwengine, nikiwa nimechoka, najiambia labda hakuna siri yoyote, ni kwamba sisi ni watu wa kupiga kura bila kuuliza, na anayepata kura bila kuuliza kwa nini ahangaike kutafuta mtu wa kwetu?

Mheshimiwa, mgongo wangu umekwisha. Mikono yangu ina mikwaruzo ya kamba, miguu ina miiba ya urumbi, yule mdudu wa baharini mwenye miiba, niliyoizoea hata siitoi. Kilo za mwani nilizoziuza mwezi uliopita hazikununua mchele wa wiki mbili. Watoto wawili wa binti yangu wanataka madaftari. Kituo cha afya kina nesi mmoja na Ijumaa anakwenda kwao. Haya ndiyo niliyosema siyarudii, na nimeyarudia, kwa sababu mtu wa kuyarudia kule Chukwani badala yangu ndiye ninayemgombania. Simgombanii awe mtakatifu. Nataka awe anajua kituo cha afya kiko wapi bila kuulizia.

Nilianza barua hii na madai manne, nimeyaandika nyuma ya bahasha. Nataka chanja, nataka njia ya baharini ifunguliwe, nataka fomu zitolewe kwa kila mwanachama bila maelekezo, nataka kura za maoni zihesabiwe hapa hapa mbele yetu. Sasa naona nikidai manne utaniahidi yote manne, kama 2020. Basi nadai moja. Jina litakaloongoza katika kura za maoni za matawi yetu, liache kama lilivyo. Usiende nalo mjini likarudi jina jengine. Likiwa la mgeni wako, kwa kura zetu wenyewe, nitanyamaza na nitampigia kampeni kwa sauti hii hii niliyonayo. Lakini liwe tulilolitaja sisi.

Na kama bado anataka kukutana na akinamama wa jimbo, hatujamfukuza. Bamvua jengine linakuja mwezi mwandamo. Mlete saa nne ile ile, lakini msiende skuli. Tutakuwa kwenye mwani. Mwambie avae viatu vya maji, kwa ajili ya urumbi, na akunje suruali.

Wabillahi tawfiq.

Mkulima wa mwani,
mwanachama wa tawi lako, mwenye kadi, mkaazi wa miezi mingi kuliko 36