Barua kwa mwanangu: lile kochi usilete

Mwanangu,

Mie mzima alhamdulillahi, leo wiki ya tano tangu nibadilishwe nyonga na natembea na fremu mpaka barazani. Dadako kanambia umeninunulia kochi huko Nairobi, lile la kuzama, ati mama apumzike. Ahsante babangu lakini usilete.

Vile fizio, yule wa kunifanyisha mazoezi, alivyonieleza, pale kwa nyonga nimetiwa kidude mviringo kama mpira kinazunguka ndani ya kikombe, na kwangu walipasulia kwa nyuma, sasa nyama za huko ndizo za kukishikilia na bado hazijashikana. Nikikaa chini goti likapita nyonga, ama nikipiga nne, ama nikigeuza vidole vya mguu kwa ndani, kile kidude chaweza kuchomoka, na hii miezi 3 ya kwanza ndio mbaya. Haya, we iangalie nyumba yetu, kila kitu kiko chini! Mkeka, jiko, choo cha kuchuchumaa (hapo fundi keshaweka kiti chenye tundu). Swala naswali kitini, kulala mto katikati ya magoti, tuktuk ndio usinambie kabisa.

Juzi dadako kaenda sokoni Kongowea, nikaona nazi imeshavunjwa iko kwa sinia, mkono ukaniwasha. Nikaivuta mbuzi kwa mguu ule usio na ugonjwa nikaanza kushuka polepole, mara nasikia mtoto wake mlangoni "bibi, tisini! tisini!" manake fizio alimwambia bibi asikunje nyonga kupita digrii 90. Wallahi niliganda pale kama mwizi. Mbuzi ikafichwa, twala tui la mashine ambalo halina ladha hata kidogo.

Na yule jirani wetu bado aleta habari za mkandaji, ati aje auvute mguu unyooke. Nimemkatalia. Ukisikia siku nimeshtuka maumivu ya ghafla, mguu umekuwa mfupi na umegeuka, siwezi kuukanyaga, basi asiuguse mtu wala kuuvuta, nilazwe hivyo hivyo wanipeleke hospitali nikapigwe eksirei, daktari ndiye atakayeurudisha.

Kochi ukiweza kulirudisha, hiyo pesa nitumie, fundi wa hapa Majengo anichongee kiti kigumu cha mikono miwili, nimeshamwambia pa kukalia papite goti langu vidole vitatu. Yuangoja deposit.

Mamako