Kifurushi cha tangawizi, na kiasi chake

Mamba Myamba, Same
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili kwa furaha, na mara ya tatu kwa sababu ulikatiza katikati ukakimbilia kutapika na simu ukaiacha wazi, nikasikia mpaka maji ya ndoo. Pole, na hongera! Wiki ya tisa! Nimechagua kukuandikia badala ya kukupigia, maana mtandao wa huku milimani unakuja na kuondoka utakavyo, na kifurushi kinachokuja kwako kinahitaji maelezo yake.

Nimeuelewa ugomvi wa hapo nyumbani. Jirani anakuchemshia tangawizi sufuria nzima na kukusimamia uimalize. Mama mkwe akiinusa tu anapiga kelele kwamba inatoa mimba. Wewe uko katikati, umekumbatia beseni.

Nianze na mama mkwe, na umfikishie salamu zangu za heshima. Tangawizi ya kiasi cha chakula, ile ya chai na pilau, haijaonekana kuharibu mimba. Wanawake wengi wajawazito wamepewa kwenye majaribio ya kitabibu, na kichefuchefu cha asubuhi ndicho jambo ambalo tangawizi imelionyesha vizuri kuliko mengine yote inayosifiwa. Kama hataki habari za majaribio, msomee historia: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali, na pembeni akawekewa achari za ndimu na pilipili, maembe, na tangawizi mbichi. Karibu miaka 700 watu wa pwani wanaila, na wanawake wa pwani hawajaacha kuzaa.

Jirani naye mwambie apunguze moto. Kiasi kilichotumika zaidi kwenye majaribio hayo ni kama gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku. Hiyo ni nusu kijiko cha chai cha unga, tena kwa siku nzima, ukigawa mara tatu au nne. Ikiwa mbichi, kipande cha ukubwa wa pingili ya juu ya kidole gumba kinatosha kutwa. Sufuria nzima ni ya msibani.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Ioshe vizuri, kisha kwangua ganda kwa ukingo wa kijiko, kwa sababu kisu kinakula na nyama. Iponde kidogo kwenye kinu, weka kwenye kikombe, mimina maji yaliyochemka, funika dakika kumi. Usiifakamie. Wewe ambaye hata harufu ya mafuta ya maandazi inakuangusha, iache ipoe kabisa ndipo unywe funda mojamoja, maana kitu cha moto kinapanda na mvuke wake mpaka puani. Na kabla hujanyanyua kichwa kutoka kwenye mto, tafuna kipande cha mkate mkavu. Tumbo tupu ndilo linalokuponza kuliko mafuta ya maandazi.

Sasa nivumilie nivae koti la maabara. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na kitu kinachoitwa jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka na kuwa kitu kingine kikali zaidi, ndiyo maana unga unawasha koo kuliko ile mbichi. Hicho cha pili kinaitwa shogaoli. Jina kilipewa na Wajapani, ambao kwao tangawizi huitwa shoga. Sitanii! Siku nilipoliandika ubaoni kidato cha nne walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mimi nikakukumbuka wewe: kadiri unavyokauka, ndivyo unavyozidi ukali.

Viambata hivyo hufanya kazi tumboni kwenyewe. Vinalisaidia tumbo lisikae na chakula muda mrefu, likimimine kwenda utumbo mdogo, na vinapunguza makali ya zile ishara ambazo utumbo hupeleka kwenye ubongo kuamrisha kutapika. Kwa hiyo usitegemee miujiza ya kikombe kimoja. Wengine kichefuchefu kinapungua, kutapika kunabaki palepale. Jipe siku nne tano uone.

Lakini sikiliza, na hapa sicheki. Ukifika mahali hata maji hayakai, mkojo ukawa wa rangi ya chai na kidogo, ukisimama kizunguzungu, au nguo zinaanza kukupwaya, weka tangawizi chini uende kliniki siku hiyohiyo. Hiyo si ya kikombe tena, ni ya dripu. Na hata kabla ya hapo, mkienda kupima mwambie nesi kwamba unatumia. Haichukui hata dakika.

Unajua nimeishi huku mwaka wa sita sasa, na kitu kimoja kinanichekesha. Tangawizi ya Mamba Myamba ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Wanailima kwenye miteremko, wanainywesha kwa mifereji inayotoka kwenye ndiva, yale mabwawa ya Wapare ya kukinga maji usiku ili yafunguliwe asubuhi. Miezi minane mpaka kumi wanaiangalia, wakiombea isioze ardhini kabla majani hayajakauka. Halafu mwulize mkulima tangawizi inatibu nini: atakutajia kwanza bei ya kilo. Ukimbana sana atasema inaondoa gesi na kutuliza tumbo, basi. Ninyi wa Dar ndio mmeipa kazi ya sukari, presha, nguvu za kiume na kitambi.

Mimi mwenyewe nilishaingia kwenye mtego huo, usinione namchamba mtu. Mwaka 2020, watu wakijifukiza kila nyumba na tangawizi sokoni imepanda bei, nilikunywa asubuhi vikombe viwili vizito, na ndimu, na kitunguu saumu, tumbo tupu, wiki nzima. Corona sijui kama ilinipata au haikunipata. Kiungulia nilikijua. Nililala nimekaa kitako siku tatu. Ndiyo maana nakwambia, ukisikia moto kifuani punguza, hasa mimba ikikua, kwani kiungulia kitakuja chenyewe bila kualikwa.

Na mjomba wangu wa Pangani unamkumbuka. Alitumiwa video kwenye simu, mtu amevaa koti jeupe anasema tangawizi na asali inamaliza presha kwa siku 21. Akafungia vidonge kabatini. Siku ya kumi na kitu akaanguka bafuni. Alipona, ashukuriwe Mungu, ila mkono wa kushoto hauna nguvu mpaka leo. Tangawizi haikumfanya chochote kibaya. Vidonge alivyoviacha ndivyo vilivyomfanya. Huwa naudhika sana nikisikia watu wanasema dawa za asili hazina madhara. Mjomba madhara aliyapata kwenye pengo lililoachwa na dawa nyingine.

Hilo linanirudisha kwa mama mkwe. Uliniambia baada ya ule mguu kuvimba alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Kama bado anavitumia, chai ya kawaida yenye tangawizi haina neno kubwa, lakini ule mchemsho mzito wa jirani asiuguse, wala vidonge vya tangawizi vya kwenye makopo, mpaka amwulize daktari wake. Tangawizi nyingi inaweza kuzidisha kazi ya vidonge hivyo, damu ikitoka ikawa tabu kukauka. Ukimweleza hivyo huenda akaona kwamba woga wake una mahali pake, ila alikuwa anakuogopea wewe badala ya kujiogopea yeye.

Mdogo wako anayelia na chango kila mwezi, naye mmegee kipande. Majaribio kadhaa yameonyesha inapunguza maumivu ikianzwa siku ya kwanza ya hedhi na kuendelea siku mbili tatu. Ya mafua sina mengi: inachangamsha koo, inatoa jasho, unajisikia mtu. Kuua virusi, hapana. Lakini kujisikia mtu nako si kudogo usiku wa saa nane ukiwa umeziba pua. Soda ya tangawizi unayoitamani kunywa kama huna nguvu, lakini jua unakunywa sukari zaidi kuliko tangawizi.

Kifurushi kitaondoka Jumanne na basi la alfajiri. Nimemkabidhi konda, namba yako anayo, kakichukue stendi ya Magufuli, Mbezi, usimtume yule shemeji yako msahaulifu. Ndani kuna kilo mbili mbichi na kopo la unga niliokausha na kutwanga mwenyewe. Zile mbichi usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitatoa jasho na kuota ukungu. Zizungushie gazeti uweke penye ubaridi. Zikinyauka kidogo bado zinafaa.

Kuna kipande kimoja nimekifunga peke yake kwa kamba nyekundu. Hicho usikile. Kina vijicho vitatu vimeanza kuvimba. Watu wanasema tangawizi ni mzizi, kumbe ni shina lililolala ardhini, na ndiyo maana linachipua. Tafuta ndoo kuukuu, toboa chini, changanya udongo na samadi iliyooza, ufukie vidole viwili tu, macho yakitazama juu. Weka ukumbini pale ambapo jua la mchana halifiki, umwagilie bila kulowesha tope. Itakaa kimya wiki tatu nne mpaka udhani imekufa. Iache. Majani yakija kugeuka njano na kukauka, wewe utakuwa umeshamaliza arobaini, na mimi nitakuwa likizo, nitakuja tuichimbe.

Mwambie mwanangu huyo aliye tumboni apunguze fujo, mama mdogo kasema.

Shoga yako wa Same