Hewa mbaya

Kisumu, Jumapili jioni

Akinyi mwanangu,

Jana uliniuliza neno malaria limetoka wapi, kredo ikaisha kabla sijafika popote. Acha nimalizie kwa kalamu.

Ni Kitaliano. Mala ni mbaya, aria ni hewa. Watu wa Roma waliona kila kiangazi homa inawaangusha wanaokaa karibu na vinamasi, wakalaumu mvuke wa maji yaliyotuama. Mwingereza mmoja, Horace Walpole, alikuwa huko mwaka 1740, akaliandika neno hilo katika barua ya kwao. Sisi tulilipokea kutoka kwa Waingereza, tukaliweka kando ya homa, neno tulilolipata kwa Waarabu.

Nyanya yako pale Ahero hakujua Kitaliano, lakini jua likizama tu alipiga kelele: "Fungeni madirisha, upepo wa mpunga huo!" Niliporudi kutoka chuoni nilimcheka, nikamweleza habari za mbu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akafunga dirisha. Sasa niambie, mbu angepitia wapi?

Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, ndiye aliyekiona kimelea kwenye damu kule Algeria, mwaka 1880. Ross, daktari Mwingereza, akakikuta tumboni mwa mbu huko India mwaka 1897. Hayo mtafundishwa. Mimi nakueleza nilichokiona maabara: slaidi ya damu imepakwa rangi ya Giemsa, tone la mafuta juu yake, lenzi imeshuka, na ndani ya chembe ya damu kuna kipete chembamba cha samawati chenye kito chekundu. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Nikatengeneza slaidi nyingine. Vipete vilikuwepo, tena vingi.

Jina la mbu wenyewe ndilo linalonichekesha. Anofelesi ni Kigiriki, maana yake asiye na faida. Mjerumani Meigen aliwapa jina hilo mwaka 1818, karibu miaka 80 kabla ya Ross, wakati hakuna aliyejua wanabeba nini. Alibahatisha tu! Wale waliochunguza vinamasi miaka na miaka ndio waliokosea jina.

Mtihani ukiuliza, andika "hewa mbaya" na usiongeze mbwembwe.

Neti yako umeiacha kwenye kamba. Nitaituma na matatu ya Jumanne asubuhi, uichukue steji. Na usiniambie Nakuru kuna baridi.

Baba yako