Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Kwa Wazazi na Walezi wa Gredi ya 7, 8 na 9

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Kaunti ya Kilifi.

Wazazi na walezi wetu,

Nawasalimu nyote. Watoto wanafika nyumbani leo na ripoti mkononi. Najua swali la kwanza litakuwa: amekuwa nambari ngapi? Nambari hamtaiona. Ilikwenda na KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Ripoti ya sasa ina viwango vinane kwa kila somo, kuanzia EE1, aliyezidi matarajio, hadi BE2, aliye chini kabisa. Mwenye alama 41 kwenda juu, kati ya 100, amefikia matarajio. Walio chini ya hapo ndio walionifanya niandike barua ndefu kuliko kawaida yangu.

Kilimo na Sanaa na Michezo zimetufurahisha muhula huu. Hisabati na Sayansi Jumuishi zimetuumiza. Niliketi na walimu tukaweka daftari la mahudhurio kando ya karatasi ya alama, jina kwa jina, na ilipofika jioni hatukuwa na haja ya kuulizana tena. Wengi wa walioanguka hawakuwepo darasani somo lilipofundishwa.

Wavulana kwanza. Kaskazi inapovuma na bahari kutulia, madawati yao yanaanza kubaki wazi. Mmoja anakwenda na baba kutega, mwingine anasubiri mashua ufuoni apate samaki wa kuuza. Kusi ikiingia wanarudi, wakati huo wenzao wameshamaliza milinganyo ya aljebra na wanaingia jiometri. Mtoto anakaa kimya nyuma ya darasa, na kimya hicho nyumbani mnakiita uzembe. Wakubwa kidogo wanapotelea kwenye bodaboda au machimbo ya mawe. Sidharau kazi hizo, nami nimelelewa na samaki wa bahari hii. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kuwa mvuvi wa alfajiri na mwanafunzi wa saa mbili asubuhi.

Wasichana wanahudhuria vizuri kuliko wavulana, ila wakiondoka, kurudi ni kugumu. Kwa mzazi ambaye binti yake amejifungua: sera ya Serikali inamruhusu arudi shuleni, na nafasi yake ipo. Njoo tuzungumze, mlango utafungwa na hakuna atakayesikia. Na disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye matanga, wazazi wangu, mnajua wenyewe. Machifu wamezikataza, bado zinakesha, na Jumatatu watoto wanalala juu ya vitabu.

Shule yetu ni ya watu wengi. Wagiriama ndio wengi, kuna Waswahili, kuna familia za bara zilizofuata kazi za hoteli, na kuna Wapemba ambao babu zao walikuja na mashua kutoka kisiwa cha Pemba. Watoto wa wafanyakazi wa hoteli huhama ghafla msimu wa watalii ukipungua, wengine bila hata kuaga, na alama zao za miradi zinabaki nusu. Tafadhali mtuarifu mapema, tuwaandalie uhamisho ulio kamili.

Kwa wazazi Wapemba nina neno maalumu. Mwaka 2023 Serikali iliwatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Itumieni haki hiyo kuwapatia watoto cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anasumbuka kusajiliwa kwa mtihani, na shule haipati mgao wake kutoka Serikalini wa shilingi 15,042 kwa mwaka. Anasoma kwa chaki iliyonunuliwa kwa jina la mwenzake.

Jambo la lugha limenishughulisha sana. Mwalimu wa Sayansi akieleza kwa Kiswahili, mikono inainuka darasa zima. Swali lile lile likiandikwa kwa Kiingereza, mikono inashuka. Akili ipo, swali ndilo halijasomwa. Tumeanza saa ya kusoma kila alasiri, na wanaobaki tayari wanajibu kwa kujiamini zaidi. Tunaomba mtoto asiitwe nyumbani saa hiyo kwenda kuteka maji.

Sasa hili, na mlisome mara mbili. Wazazi wengi wa Gredi ya 7 na 8 huniambia, "Mwalimu, atajikaza akifika Gredi ya 9." Atakuwa amechelewa. Matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 ulioanza mwaka 2025, hayatoki kwenye karatasi ya mwisho peke yake. Asilimia 20 inatokana na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Iliyobaki, asilimia 60, ndiyo mtihani wenyewe. Mwalimu hawezi kumwekea alama ya mradi mtoto ambaye hakuufanya, na alama zikishatumwa kwa Baraza la Mitihani hazirudi kuombewa.

Matokeo hayo ndiyo yanayoongoza mkondo wa sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Msimchagulie mtoto mkondo kwa sababu jirani amemchagulia wake. Yupo kijana hapa anayetengeneza mtego wa samaki kwa vipimo sahihi kuliko rula ya darasani, na ripoti yake ya Hisabati inasema AE2, yaani bado hajafikia matarajio. Siku alizokosa nimezihesabu mwenyewe. Huyo simwachi.

Ripoti itiwe saini na mzazi, si kaka wala dada. Mzazi wa mtoto aliyekosa masomo zaidi ya wiki moja aje ofisini siku ya kufungua pamoja na mtoto wake, asubuhi kabla ya gwaride. Wavuvi mnaorudi pwani saa nne, njooni saa nne hiyo hiyo. Nitawasubiri.

Wenu,
Mwalimu Mkuu