Kwa mpwa wangu anayetafuta simu mpya

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia unachanga pesa ya simu mpya kwa kuwa hiyo uliyonayo "imekufa". Kwa maelezo yake, inajizima ikiwa bado na chaji asilimia 25, hasa ukifungua kamera, na WhatsApp inajivuta mno. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na yote mawili yana dawa. Mimi kazi yangu ni kubuni bidhaa, kwa hiyo nitakueleza pia walioichora waliamua nini hata ukafika hapo.

Tuanze na kujizima. Betri ya lithiamu huchakaa kila inapochajiwa. Kwa kawaida hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hadi 800 ya chaji kamili. Kwa mtu wa kuchati kutwa kama wewe, huo ni mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na ushee. Ikichoka, haipungui ujazo tu, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake, nao hupanda. Kamera inapodai umeme mwingi kwa mpigo, volti huanguka chini ya kiwango inachokihitaji simu, ikazima hapo hapo huku asilimia 25 ikisomeka. Apple waliamua kuzuia kuzima huko kwa kupunguza kimyakimya kasi ya simu zenye betri zilizochoka, wakakiri Desemba 2017. Baadaye walishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Fikiria ni wangapi walikuwa wameshanunua simu mpya kwa ugonjwa wa dola 29.

Utauliza, mbona basi betri yenyewe haitoki? Nokia 1100 ya mwaka 2003 ulifungua mfuniko kwa kidole, ukatoa betri yake ya BL-5C, ukaweka nyingine. Betri hiyo inauzwa mpaka leo, na redio nyingi ndogo za mkononi zinaitumia. Ukiwauliza watengenezaji wa leo, jibu huwa ni maji: tumeziba kwa gundi ili simu isiingie maji. Jibu hilo lina ukweli nusu. Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa ukucha na betri ya kutoa, na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani iliweza kukaa kina cha mita moja ya maji kwa nusu saa. Mwaka uliofuata ikaja S6: kioo mgongoni, betri imefungiwa ndani, na kinga ile ya maji haikuwemo. Kilichopatikana ni wembamba, kutoka milimita 8.1 hadi 6.8, na mng'ao wa kioo. Mbunifu aliambiwa amshinde mteja dukani, katika dakika ile anayoishika simu kwa mara ya kwanza. Mwaka wa tatu wa simu hiyo haukuwa na mtetezi mezani. (Haki yao niwape: betri isiyo na ganda gumu huacha nafasi ya kuweka kubwa zaidi.)

Ulaya wameanza kubana. Tangu 20 Juni 2025, betri ya simu mpya inayoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Huku kwetu sheria hiyo haimfungi mtu, kwa hiyo mlinzi wako ni fundi mzuri.

Ukienda kwake, simama uangalie. Chaji iwe chini ya asilimia 25, maana betri iliyojaa ikitobolewa huwaka kwa nguvu zaidi. Mfuniko upashwe moto pembeni, nyuzi 80 hivi zinatosha, kisha ufunguliwe kwa kadi ya plastiki polepole: simu nyingine zina waya wa alama ya kidole uliounganishwa na mfuniko, na ukivutwa hukatika. Kitu cha kwanza kuchomolewa ndani ni kiunganishi cha betri. Skrubu zipangwe kwa mashimo zilikotoka, kwa sababu iliyo ndefu ikiingia shimo fupi inatoboa bodi, ile sahani yenye njia zote za umeme wa simu, na hapo ndipo simu inapokufa kweli. Betri yenyewe itolewe kwa matone ya spiriti isiyo na maji mengi chini yake. Ukimwona anaichokonoa kwa bisibisi, mwambie aache. Wengi hufunga mfuniko kwa gundi ya B-7000, ambayo inahitaji siku nzima kukauka vizuri. Hata ikikauka, usiihesabu tena simu hiyo kuwa ya kuzuia maji.

Kuhusu betri feki: ikiwa na umbo lile lile la orijino lakini maandishi yanadai mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 2,000 zaidi, huo ni wino tu. Ishike, uilinganishe na ile ya zamani. Nyepesi sana, irudishe.

WhatsApp kujivuta ni jambo jingine. Hifadhi ya simu ikijaa pomoni, kuandika data mpya huwa kazi nzito, na kila kitu kinakwama. Acha walau asilimia 15 wazi. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, halafu futa yale makubwa yaliyotoka kwenye magrupu. Video za harusi za watu usiowajua zinaweza kuwa zimekula gigabaiti kumi.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi hawezi kukitengeneza, nacho ni masasisho, yaani matoleo mapya ya programu yanayotoka kwa mtengenezaji. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, toleo la zamani la programu inayoendesha simu, na simu nzima kabisa zikageuka tochi. Kwa hiyo siku ukinunua kweli, kabla ya kuuliza kamera ni megapikseli ngapi, uliza Android yake ni ya ngapi na kampuni imeahidi masasisho hadi mwaka gani. Muuzaji asipojua, tafuta jina kamili la modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa hapo hapo dukani.

Ukiamua kuchukua iliyotumika, iwashe upya kabisa mbele ya muuzaji, ufute kila kitu, uiunganishe na intaneti na kuiacha imalize kujiandaa. Simu za kulipia kidogo kidogo ambazo deni halijaisha hujifunga zenyewe, na kufuli hilo haliondoki kwa kufuta data. Ikikuomba akaunti ya mtu mwingine au ikataja deni, mrudishie mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Mjomba wako