Maandalizi ya somo la wiki hii: Msamaha wa Mungu na wetu

Wapendwa katika Bwana,

Tunapojiandaa kwa kipindi chetu, naomba kila mmoja asome Kutoka 34:6-7 na Mathayo 18:21-35. Inagusa moyo kuona kwamba Mungu alijitambulisha kwa Musa kuwa mwingi wa rehema na mwenye kusamehe uovu muda mfupi tu baada ya Waisraeli kuiabudu sanamu ya ndama, yaani wakati ambapo hawakuwa na lolote la kujitetea.

Katika mfano wa Yesu, mtumwa aliyefutiwa deni la talanta 10,000, ambalo kibarua asingeweza kulimaliza maisha yake yote, anatoka nje na kumkaba koo mwenzake kwa sababu ya dinari 100. Tuitazame kwa makini ile mikono shingoni, kwa maana naamini wengi wetu tunajiona hapo tunapotunza kinyongo kwa maneno yaliyosemwa miaka mingi iliyopita. Kusamehe si kuficha uovu wala kumzuia aliyeumizwa kutafuta haki. Ni kuacha kudai kisasi.

Mwenye neno na mwenzake, tafadhali ampigie simu kabla ya kipindi, badala ya kulieleza hapa kikundini.